Konokono wa Mawe Meupe

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za maabara, nikatia sahihi kwamba vifaa vyote vipo isipokuwa kipimajoto kimoja, ambacho mliokuwepo mnajua kilivyovunjika, nikastaafu, nikaenda nyumbani kupumzika. Sikupumzika. Ninyi walimu vijana wa idara mmenitumia ujumbe mara tatu mkitaka niandike jinsi nilivyofundisha baiolojia miaka yote hiyo. Habari za kupandishwa daraja nitaziacha, hazina ladha. Nitawaandikia kuhusu miaka ya tisini, kuhusu konokono, na kuhusu ubishi mkubwa uliozuka kati yetu walimu, kwa maana nasikia ubishi ule ule umerudi kwenye chumba chenu cha walimu. Siku hizi jambo lenyewe lina jina la heshima, sayansi ya wananchi: watu wa kawaida, wanafunzi wakiwemo, wanakusanya data ambayo watafiti wanaitumia kweli. Sisi tulikuwa tukisema tu, "Leo ni siku ya kuhesabu."

Kwa yeyote atakayekuta karatasi hizi baadaye, mimi ni Risper Auma. Nimelelewa Homa Bay mjini, na shule yangu ya kwanza kufundisha ilikuwa ya mseto karibu na Sori, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka ziwani. Wavulana walikuwa wa kutwa, wasichana wengi wa bweni. Nilifika Jumatatu ya kwanza ya muhula nikiwa nimevaa viatu vyenye visigino. Mkuu wa idara ya sayansi, Mwalimu Nyamohanga, alivitazama vile viatu, akaitazama njia ya changarawe inayokwenda maabara. Kesho yake nilikuta gambuti chini ya meza yangu. Zilinitosha vizuri kabisa, na mpaka leo sijui alikisiaje.

Mwalimu Nyamohanga alikuwa Mkuria kutoka upande wa mpakani, mrefu, mwenye sauti ya kutikisa madirisha. Kijaluo chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo mimi na yeye tulizungumza Kiswahili. Sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu darasa alinipa yeye. Alinionyesha jinsi ya kukata shina la mmea kwa wembe mpaka kipande kipitishe mwanga. Alinionyesha jinsi ya kuigeuza hadubini yetu ya pekee ikanasa jua la dirishani, kwa kuwa umeme ulikuwa mgeni aliyekuja akipenda.

"Usiwaulize kama wameelewa," aliniambia wiki ya kwanza. "Watasema ndiyo hata ukiwafundisha kwamba ng'ombe anataga. Waambie wachore. Mkono haudanganyi."

Ila alikuwa na dini yake, nayo ni silabasi. Ukutani nyuma ya meza yake palikuwa na jedwali kubwa, kila mada na wiki yake, na kila mada iliyokwisha aliipaka penseli nyekundu. Kwa mtihani wa taifa alikuwa muumini kamili. Kanisani alikwenda Jumapili kama ziada.

Mambo yetu yalianza miaka michache baadaye, gugumaji lilipokwisha kuingia ziwani. Kila mtu wa pwani ya ziwa anakumbuka: asubuhi unaamka maji yote ni kijani, kama shamba limehamia usiku, na jioni upepo umeligeuza lote limeenda kusumbua jirani. Ndipo barua ikaja kutoka kwa mtafiti mmoja aliyeitwa Daktari Wafula, akiwaalika walimu wa baiolojia kwenye mkutano wa siku moja Homa Bay. Mwalimu mkuu alinituma mimi na Mwalimu Nyamohanga. Nadhani alinituma mimi kwa sababu nilikuwa na hamu, na Mwalimu Nyamohanga ili anizuie.

Ukumbini tulikuwa walimu kama thelathini, kutoka Mbita, Ndhiwa, Rongo, Migori na kwingineko. Daktari Wafula alikuwa kijana, mikono ya shati ameikunja, na badala ya hotuba alikuja na beseni la konokono hai.

"Ziwa ni kubwa," alisema. "Sisi tuko wanne na mashua moja, na hiyo mashua hukaa kwa fundi kuliko majini. Tunajua kichocho kinaletwa na konokono hawa. Tangu gugumaji lije, hatujui wanahamia wapi. Lakini nyinyi muko kila mahali. Kila shule ikihesabu mara moja kwa wiki, siku ile ile, saa ile ile, mahali pale pale, tutajua."

Ukumbi ukalipuka. Nayaandika maneno yenyewe kama ninavyoyakumbuka, maana kila hoja mnayoibishania leo ilisemwa siku hiyo kabla ya chai.

"Daktari," alisema Mwalimu Okelo wa Rongo, mtu mnene mcheshi, "niko na wanafunzi hamsini na tano na vitabu kumi na viwili. Huyu konokono wako ako ukurasa gani?"

Tulicheka. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Mbita hakucheka. "Na mtoto akishika kichocho akihesabu hao wadudu? Mzazi atakuja kwa nani, kwako ama kwangu?"

Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha alisema watoto wataandika namba yoyote. "Mimi nikiwatuma kupima joto wananiletea la jana."

Halafu akasimama mwalimu mmoja mwembamba ambaye hakuwa amesema lolote. "Mimi niseme ukweli. Watoto wangu wanajua ziwa kuniliko. Shida ni mimi. Chuoni nilisomeshwa panzi na chura. Konokono wa hapa simjui hata jina. Sasa nitasimamia kitu sijui?"

Hakuna aliyecheka hapo, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa karibu wote. Nami, badala ya kuogopa, niliukumbuka ubao wangu. Nilikuwa nimefundisha ikolojia kwa kuchora ziwa ubaoni, na ziwa lenyewe lilikuwa likionekana dirishani! Nilijikuta nimeinua mkono.

"Sisi wa Sori tutafanya," nikasema.

Kando yangu Mwalimu Nyamohanga alikohoa kikohozi kirefu.

Tukingoja gari la kurudi aliniambia, "Umenitolea ahadi."

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."

"Mtihani hautauliza konokono wa Sori."

"Pengine hautauliza. Lakini utauliza kutambua, kuhesabu, kuchora na kueleza. Hayo yote tutayafanya pale majini."

Alitafakari mpaka nikadhani amelala amesimama. "Alhamisi," akasema, "baada ya vipindi. Usiguse dakika moja ya somo langu."

Vifaa vyetu viwapeni moyo wenye shule zisizo na kitu. Chekeche la jikoni tulilifunga kwenye mpini wa jembe ili mtu achote bila kuingia majini. Sinia jeupe la bati lilikuwa la kumwagia kilichochotwa, maana konokono mweusi kwenye sinia jeupe hana pa kujificha. Tulikuwa na kibanio, glavu za mpira, gambuti, saa yangu ya mkononi na daftari lenye jalada gumu. Sheria ilikuwa moja, na niliirudia kila Alhamisi mpaka wakawa wananiigiza bwenini: asiyevaa gambuti na glavu hakaribii, na hakuna anayetia hata kidole.

Tuliteua sehemu tatu. Ya kwanza ni Gatini, penye watu wengi na boti. Ya pili ni Kwa Mashine, chini ya kinu cha kusagia mahindi. Ya tatu ni Mawe Meupe, kihori kidogo kilichotulia ambako wasichana wetu wa bweni walifua na kuoga kila Jumamosi. Maji ya Mawe Meupe yalikuwa safi, unaona mchanga chini. Nilipachagua ili tuwe na mahali pazuri pa kulinganishia.

Alhamisi ya kwanza nilikuwa na wanafunzi kumi na wanne wa kidato cha pili na kelele za mia moja. Mvulana mmoja alichota chura, akashangiliwa kama amefunga bao. Daktari Wafula alikuwa amenifundisha kuwatambua: konokono bapa, aliyejikunja kama kifungo cha koti, ndiye wa kichocho cha matumbo. Wale wenye ncha unawasimamisha ncha juu, mdomo ukutazame. Mdomo ukiwa kushoto, mwandike, huyo ni wa kichocho cha mkojo. Ukiwa kulia, huyo ni mwingine. Kwa nusu saa nzima walibishana kushoto ni wapi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye tope nikicheka peke yangu. Sikuwa nimewahi kuona watoto wakigombania haki ya kuchunguza kitu. Darasani nilikuwa nikiwabembeleza wafungue vitabu.

Daftari alilishika Millicent, kwa sababu ya mwandiko wake. Huyu lazima niwaeleze. Alikuwa msichana mwembamba wa bweni, mwenye macho makali, ambaye darasani alikuwa akilala. Hakusinzia kama wengine wanavyosinzia saa nane mchana. Alikuwa analala hasa, kichwa juu ya dawati. Nilikuwa nimemsimamisha mbele ya darasa mara nyingi. Mara mbili nilimpigisha magoti kwenye sakafu ya maabara mpaka kengele ilipolia. Kwenye ripoti yake ya muhula niliandika, kwa wino mwekundu: *Mvivu. Ana akili lakini hataki.*

Wiki ya tatu mama yake alikuja. Alikuwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, na alikuja na beseni lake likiwa bado kichwani.

"Mwalimu, nimesikia Millicent anatoa konokono kwa maji."

"Anawahesabu, mama. Ni masomo."

"Mimi nauza omena ndiyo huyu asome. Maji ya ziwa anajua tangu azaliwe. Wewe mfunze kitu hajui."

Nilimweleza habari za mtafiti, za kichocho, za glavu. Alisikiliza kwa adabu, akaondoka bila kuridhika, na mimi nilibaki mlangoni nikijua kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu.

Kisha tukapata kashfa. Ilikuwa msimu wa mvua za masika. Alhamisi moja nililazimika kukaa kikaoni, nikawatuma vikundi vitatu chini ya kiranja wao. Walirudi mapema, wakavu. Daftari lilikuwa limejazwa vizuri. Nililiweka mezani nikaenda kumalizia kikao, na niliporudi nilimkuta Mwalimu Nyamohanga amelishika, miwani puani.

"Mwalimu Auma," aliniita, "konokono wenu wamejipanga foleni."

Nikatazama. Gatini kumi na mbili, Kwa Mashine kumi na nne, Mawe Meupe kumi na sita. Wiki zote zilizotangulia namba zilikuwa zikirukaruka hovyo, kama viumbe hai wanavyofanya. Hizi zilikuwa zimenyooka kama wanafunzi wakiona mwalimu wa zamu.

Niliwaita. Walitazama sakafu. Aliyezungumza ni Millicent. "Mvua ilikuwa inakuja, Madam. Hatukufika. Tulitunga."

Nilipandwa na hasira, na nikaona mbele ya macho yangu yule mzee wa dirishani kule Homa Bay akitabasamu. Nilitaka kulichana lile jani ili Daktari Wafula asijue kamwe. Mwalimu Nyamohanga, ambaye hakuupenda mradi huu tangu siku ya kwanza, ndiye aliyenizuia.

"Usichane. Piga mstari mmoja, waandike pembeni kwa nini. Halafu wamwandikie huyo daktari wenyewe." Akawageukia. "Mkikosa kuhesabu, acheni nafasi wazi. Nafasi wazi ni habari. Namba ya kutunga ni sumu, inaharibu hata zile za kweli. Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Alinitazama kwa pembeni. "Hapo nimeuliza vibaya," akasema. Akawapa kalamu wachore jedwali.

Barua ilikwenda. Majibu yake yakaja baada ya wiki mbili, nayo yalikuwa na tamu na chungu. Daktari Wafula alishukuru kwa uaminifu. Halafu akaendelea: zile namba nyingine, za Mawe Meupe, zilizokuwa zikipanda wiki baada ya wiki tangu gugumaji liingie kihorini, zilimtia shaka. Mahali penye maji safi hivyo hapakuwa na sababu ya kuwa na konokono bapa wengi kuliko Gatini. Pengine wanafunzi walichanganya aina. Aliomba tupitie upya utambuzi wetu.

Niliwasomea barua. Mngewaona! Watoto wale wale waliokuwa wametunga namba za mvua walikasirika kama wazee waliotukanwa kwenye baraza.

"Hatuchanganyi, Madam! Kifungo ni kifungo!"

"Si akuje aone mwenyewe," alisema Millicent. "Akuje ahesabu yake, sisi tuhesabu yetu, tusionyeshane."

Sijui kama ninyi mmewahi kufundisha siku ambayo mwanafunzi amegundua mwenyewe, bila kitabu, jinsi jaribio la haki linavyofanywa. Niliitoa saa mkononi nikaivaa tena kwa kukosa la kufanya na mikono yangu. Siku ile ile, kabla ya kengele ya mwisho, waliandika barua, na mimi sikusahihisha hata herufi.

Alikuja. Alhamisi moja ya jua kali, na msaidizi wake mmoja na sanduku la chupa. Mwalimu Nyamohanga naye akashuka ziwani kwa mara ya kwanza, akisema amekuja kunyoosha miguu. Aliteuliwa hakimu bila kupingwa. Daktari alichota upande mmoja wa kihori, wanafunzi upande wa pili, kisha wakabadilishana. Kila upande uliandika karatasi yake na kuikunja. Mwalimu Nyamohanga alizikunjua juu ya jiwe, akazisoma kimoyomoyo, akazisoma tena.

"Haya, Mwalimu!" nilipiga kelele. Sikujali tena heshima.

"Tofauti ni konokono watatu," akasema. "Na hao watatu, wanafunzi wamewaona, daktari hakuwaona."

Kelele zilizofuata ziliwafanya wanawake waliokuwa wakianika omena mbali kule wasimame. Daktari Wafula alivua kofia, akacheka, akampa Millicent mkono. Lakini hakucheka kwa muda mrefu. Aliwatia konokono bapa mmoja mmoja kwenye vichupa vya maji safi, akavipanga juu ya mwamba juani, akatuambia tusubiri. Baada ya muda mrefu akainua kichupa kimoja kwenye mwanga, akaweka lenzi, akaniita.

Ndani ya maji mlikuwa na vitu vidogo mno, kama vumbi lenye nia. Vilipanda, vikashuka, kila kimoja na mkia uliogawanyika nchani. Nilikuwa nimeuchora ubaoni mkia ule kila mwaka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuuona unatembea. Wanafunzi walipanga mstari. Hakuna aliyesukuma. Kila aliyeangalia aliondoka akizitazama glavu zake.

"Hivi ndivyo vinaingia kwa ngozi?" Millicent aliuliza.

"Ndivyo," Daktari alisema.

"Na sisi tunaoga hapa kila Jumamosi."

Daktari Wafula alinigeukia, na niliona usoni mwake kwamba mambo ya namba yamekwisha. "Mwalimu, hawa wasichana wapimwe. Wiki hii."

Walipimwa. Wahudumu wa afya walikuja na vikopo na aibu yote inayoandamana na vikopo, na majibu yalirudi. Siwapi idadi, inatosha kusema wasichana wengi wa bweni walikuwa nacho, na Millicent alikuwa nacho kuliko wote. Muuguzi alinieleza taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto: damu hupungua, tumbo huuma, mwili huchoka, mtoto hulala hata akiwa amekaa. Mwalimu wa baiolojia mimi, niliyewadai glavu Alhamisi na kuwaacha waoge Jumamosi. Nilikuwa nimeifundisha orodha hiyo ya dalili, nikaitungia maswali na kuyasahihisha, huku mgonjwa mwenyewe amelala kwenye dawati la tatu.

Nilimkuta amekaa nje ya bweni siku waliyomeza dawa, uso umekunjamana kwa uchungu wa vile vidonge vikubwa. Nilikaa chini kando yake.

"Millicent, nilikupigisha magoti."

"Ndiyo, Madam."

"Nilikuandika mvivu."

"Ndiyo. Baba alisoma."

"Nilikosea. Nakuomba msamaha. Na baba yako nitamwandikia."

Sidhani alikuwa amewahi kusikia mwalimu akisema hivyo. Hata mimi sikuwahi. "Madam," akasema, "hata mimi nilidhani ni uvivu."

Maneno hayo yameniuma kuliko lawama yoyote. Niliandika barua kwa baba yake kabla ya jua kutua, na ripoti niliiandika upya.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwalimu mkuu alipiga marufuku Mawe Meupe. Mapipa yakaletwa, maji yakawa yanalazwa siku mbili kabla ya kufulia na kuogea, kwa kuwa vile vijidudu havidumu muda huo bila mtu wa kuingia. Ni wanafunzi waliolieleza hilo kijijini, kwa Kijaluo chao wenyewe, mbele ya baraza la chifu, wakiwa na sinia jeupe na konokono wao. Mama Millicent alisimama mbele kabisa. Binti yake alipomaliza, alimgeukia jirani na kusema kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Hiyo sikuwa najua." Kwangu mimi ilikuwa hitimisho la mazungumzo yetu ya mlangoni.

Mwishoni mwa mwaka tuliitwa tena Homa Bay. Shule nyingi zilikuwa zimeacha njiani, na walimu walisema kwa nini bila kuficha: vipindi vimerundikana, gambuti zimepasuka, mwalimu amehamishwa, mvua. Yote yalikuwa kweli. Hata kwetu, mada mbili za silabasi zilichelewa na ilinibidi niwafundishe Jumamosi wakiwa wamenuna. Msidanganywe na mtu atakayewaambia kazi hii haili muda. Inakula.

Mwalimu Okelo aliuliza tena, safari hii bila mzaha, faida yake kwenye mtihani ni nini. Nilikuwa nafungua mdomo, ila Mwalimu Nyamohanga alisimama.

"Mwaka huu mtihani haukuuliza konokono," alisema. "Nilimwambia huyu mwenzangu hautauliza, na sikukosea. Matokeo yetu nadhani yatakuwa yale yale ya kila mwaka, labda zaidi kidogo kwenye vitendo hawa wa kidato cha pili watakapofika. Sitawaahidi. Lakini mimi nimefundisha kichocho karibu miaka ishirini. Kila mwaka nilipaka ile mada rangi nyekundu, maana yake imekwisha. Na watoto niliowafundisha walitoka darasani wakaenda kuoga Mawe Meupe. Mimi ndiye niliyekuwa nawapa ruhusa, nikiwa mwalimu wa zamu." Akamtazama Mwalimu Okelo. "Sasa mniambie nilikuwa nimemaliza nini."

Akakaa. Mwalimu Okelo alikuna kidevu, akamwomba Daktari Wafula fomu, kisha akaomba ya pili kwa ajili ya shule jirani. Yule mwalimu mwembamba wa panzi na chura aliniuliza kama anaweza kuja Sori Alhamisi kujifunza kushoto na kulia. Alikuja, akaja tena na wanafunzi wake.

Millicent alimaliza shule. Usingizi uliisha ndani ya muhula mmoja, na akawa na tabia mbaya ya kunisahihisha darasani, tabia ambayo sikuikomesha. Alikwenda chuo cha uuguzi. Mwalimu Nyamohanga alistaafu akarudi kwao kufuga ng'ombe, na nasikia anazipima mvua kwa mkebe na kuziandika kila asubuhi.

Nami, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikapewa uhamisho. Shule mpya ilikuwa bara, upande wa Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu. Ziwa hakuna, gati hakuna, konokono hakuna. Nilifika nikiwa nimenuna. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya kidato cha pili nikawaeleza, kwa sababu sikujua kusema kingine, habari za Mawe Meupe tangu mwanzo mpaka mwisho. Walinisikiliza kwa adabu ya wageni. Kisha nikawauliza, "Sasa hapa kwenu tutahesabu nini?"

Walitazamana. Dirishani niliona vumbi jekundu na milima ya mawe yaliyopondwa. Nilianza kujuta kuuliza.

Msichana mmoja wa safu ya nyuma alisimama polepole. "Madam, hapa kuna mashimo. Zile watu walichimba wakaacha. Mvua ikinyesha zinajaa maji. Hiyo ya kando ya barabara ni fupi, hata mtoto hawezi zama. Ndani kuna vitu vidogo vinacheza, zinalala juu ya maji, halafu zinatoka mbu." Alisita. "Na kwetu kila mtu ni malaria. Hata sasa ndugu yangu amelala."

"Umewahi kuvihesabu?"

"Hapana, Madam. Hakuna mtu amewahi kuuliza."

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano za kipindi. Nilifunga kitabu.

"Tupeleke," nikamwambia.